Picha kali, stori iko wapi?

Mwenzenu nipo, sijadisko wala sijahama chuo, ni test tu zilikuwa zimenibana mpaka nikasahau kama kuna dunia nje ya maktaba. Zimeisha juzi (matokeo tusiulizane kwanza, teh teh). Sasa kuna jambo limenikaa kooni wiki mbili hizi. Naliweka hapa kwa sababu nusu ya wanaohusika wanapita humu, na tukianza kulijadili ana kwa ana inakuwa kelele tupu, kila mtu anataka kushinda.

Jambo lenyewe ni hili: picha ikiwa na efekti za kufa mtu halafu stori yake mbovu, inasameheka?

Najua wapo watakaosema, yaani hilo nalo la kumkosesha mtu usingizi? Ngojeni. Tuko watu sita tumechangishana shilingi 40,000 kila mmoja, jumla 240,000, tutengeneze filamu fupi ya dakika 15. Ni hela ya bumu hiyo, na kuna mwenzetu mmoja ili mchango wake utimie amekuwa akipiga mlo mmoja kwa siku. Sasa kuna kijana wa mtaani, fundi wa kompyuta, ametuambia kwa 150,000 atatuwekea daladala linalipuka: sekunde 12, moto, moshi, vioo vinaruka, paa linakwenda juu. Wanne wakakubali hapo hapo. Mimi na mwenzangu mmoja tukasema jamani, ngoja kwanza. Maana stori yenyewe mpaka leo ni nusu ukurasa, iko nyuma ya daftari langu la Saikolojia ya Elimu.

Prodyuza wetu (cheo amejipa mwenyewe, hatukupiga kura) ana hoja moja tu ambayo anairudia kama kiitikio cha kwaya. Avatar.

Anasema hivi: "Dada, hebu nisimulie stori ya Avatar. Jamaa anakwenda kwa wenyeji kuwapeleleza, anampenda binti wa chifu, anahamia upande wao, vita, basi. Hiyo tuliiona kwenye Dances with Wolves ya mwaka 1990, tukaiona tena kwenye Pocahontas ya 1995. Hakuna jipya. Lakini ndiyo picha iliyoingiza hela nyingi kuliko zote duniani. Watu walifuata nini kama siyo efekti?"

Na kweli, kwenye hela hana mpinzani. Avatar ya James Cameron ilitoka Desemba 2009, na ukijumlisha na zile mara ilizorudishwa kwenye majumba ya sinema imeshapita dola bilioni 2.9. Ya pili ikatoka Desemba 2022, miaka 13 baadaye, wakati watu wengi walikuwa wanasema hakuna anayekumbuka hata jina la steringi. Nayo ikapita dola bilioni 2.3. Kwa hiyo ya pili waigizaji walifundishwa kukaa chini ya maji bila kupumua, Kate Winslet akafika zaidi ya dakika saba. Dakika saba jamani! Mimi nikipanda ngazi za hosteli mpaka ghorofa ya tatu nahitaji kupumzika. Ya tatu ikafuata Desemba 2025. Kwa hiyo mtu akisema efekti hazilipi, huyo tumwache.

Ila kuna kitu nakataa. Nakataa kwamba stori ya Avatar ni mbovu. Ni nyepesi, ni ya kawaida, unajua inakoelekea mapema kabisa, hayo yote sawa. Ubovu ni kitu kingine.

Kumbukeni mwanzo wake. Jake Sully ni mwanajeshi aliyepooza miguu, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kaka yake pacha amekufa, na yeye anachukuliwa badala yake kwa sababu vinasaba vyao vinafanana, na ule mwili mrefu wa buluu ulikuwa umeshatengenezwa kwa ajili ya marehemu. Siku ya kwanza anaingizwa kwenye ule mwili. Wataalamu wanamwambia tulia, usiinuke haraka. Wapi! Anainuka, anayumba, anaangusha vifaa, anatoka nje mbio. Anakimbia kweli kweli. Halafu anasimama, anachimbia vidole vya miguu kwenye udongo.

Mimi pale ndipo nilipokamatwa. Siyo kwenye milima inayoelea hewani, siyo kwenye yale madubwana ya kuruka. Vidole na udongo. Ni efekti kama zile nyingine, imetengenezwa na kompyuta zile zile za Weta kule New Zealand, ila hii inamtokea mtu ambaye dakika chache nyuma nimemwona akijivuta kwa mikono. Mtu ambaye hajatembea anapata miguu. Hiyo ni stori nzima, na haikuhitaji mizunguko wala mafumbo. Hadithi ya sungura na fisi kila mtoto anajua nani atashinda, na bado ukitaka kuikatisha katikati analia.

Ubovu wenyewe ukitaka kuuona, nenda mwaka ule ule wa 2009, mwezi Juni, ilipotoka Transformers ya pili, Revenge of the Fallen. Waandishi wa Hollywood walikuwa wamegoma kuanzia Novemba 2007 mpaka Februari 2008, na Michael Bay, mwongozaji wa ile picha, alikuja kusema mwenyewe baadaye kwamba mgomo ule uliwaumiza. Inaonekana! Mle ndani kuna maroboti mengi, chuma kinapiga chuma, kila kipande cha chuma kinang'aa peke yake, na hujui nani anampiga nani wala ukimjua utamsaidiaje. Wanafika mpaka kwenye piramidi za Misri, piramidi inabomolewa, na moyo wako umetulia tuli kama unasubiri foleni ya benki.

Iliingiza zaidi ya dola milioni 830 (Prodyuza, nakusikia unapiga makofi). Halafu Machi 2010 ikapewa Razzie tatu, zile tuzo za kukejeli picha mbaya: picha mbovu kuliko zote, mwongozaji mbovu, na skripti mbovu. Zilizofuata za 2011 na 2014 kila moja ilipita dola bilioni moja, hapo hata mimi nilitaka kunyamaza. Lakini ya 2017 ikashuka mpaka kama milioni 600, efekti zikiwa zile zile, pengine kali zaidi. Watu walikuwa wameshazoea mlipuko. Ukishaona majengo mia yanaanguka, la mia na moja unaangalia huku unatafuna karanga.

Sasa sikilizeni hii, maana ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Siku moja tu baada ya zile Razzie, usiku wa Oscar, Avatar ilichukua tuzo tatu, ikiwemo ya efekti. Picha bora ya mwaka ikaenda kwingine, kwa The Hurt Locker. Mwongozaji wake Kathryn Bigelow, ambaye aliwahi kuwa mke wa huyo huyo Cameron (Mungu ana vituko!), akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya uongozaji. Avatar bajeti yake inatajwa kuwa dola milioni 237. The Hurt Locker ilitengenezwa kwa takriban milioni 15. Na inahusu nini? Mabomu! Wanajeshi wa Marekani kule Iraq ambao kazi yao ni kutegua mabomu ya barabarani. Kwa hiyo huyu mama naye alikuwa na mlipuko wa kutuonyesha, kama sisi tulivyo na daladala letu.

Angalieni alivyoufanya. Picha inaanza, kuna sajenti anatania na wenzake wakati wanaandaa kazi. Utani wa kawaida kabisa wa kazini. Anavaa lile vazi zito la kutegulia bomu, anaanza kutembea kuelekea lilipo, wewe umeshampenda, na kwa kuwa ameigizwa na Guy Pearce, sura unayoijua, unajiambia huyu ndiye steringi, na steringi hafi. Kumbe. Bomu linalipuka, na kamera haikimbilii moto. Inaonyesha kokoto zinavyoruka kutoka ardhini taratibu, kutu na vumbi vinavyopukutika kutoka kwenye bati la gari bovu lililoegeshwa pembeni. Taratibu sana. Niliiona kwenye laptopu ya kuazima yenye spika moja iliyokufa, na bado nilishika mdomo.

Kutu! Mtu anakufa na wewe unaonyeshwa kutu. Hiyo nayo ni efekti, wala siyo ya bei rahisi kwa mtu kama sisi, lakini imewekwa mahali ambapo stori imeshakuandaa kuumia.

Spielberg alishalijua hili zamani, ila nasikia kwa Jaws alilazimishwa na shida. Mwaka 1974 walikuwa baharini wanapiga hiyo picha, wana papa wa mashine wakampa jina Bruce, na maji ya chumvi yakamharibu kila siku. Papa hafanyi kazi, hela zinakwisha. Ikabidi amfiche. Unaona mapipa ya njano yanakokotwa juu ya maji, unasikia ule muziki wa John Williams wa noti mbili, papa mwenyewe unamsubiri zaidi ya saa nzima. Picha ilitoka 1975, na watu wakaogopa kuogelea. Kwenye Jurassic Park ya 1993 alikuwa na hela na kompyuta, na bado madinosaria yote, ya mashine na ya kompyuta, yanaonekana kama dakika 15 tu katika picha ya zaidi ya saa mbili. Tukio wanalolikumbuka wote ni glasi ya maji ndani ya gari: mguu unakanyaga mbali huko, na maji yanatetemeka. Viduara vile walivitengeneza kwa uzi wa gitaa uliofungwa chini ya glasi, fundi akiugusa. Uzi wa gitaa, Prodyuza. Chumba cha jirani kuna gitaa.

Basi, mimi kuna kipimo changu na nilikipata kwa bahati tu mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Shule ya bweni, nilikuwa zamu, Kidato cha Pili wako prepo, umeme ukakatika. Giza totoro. Mnajua watoto sitini kwenye giza wanavyokuwa, ilibidi nifanye kitu kabla madawati hayajaanza kugongwa. "Madamu, tupe stori!" Kijana mmoja akaomba Transformers, alikuwa ameiona nusu kwenye banda umiza kwao. Nikaanza. Kuna maroboti mazuri na maroboti mabaya. Wanapigana. Wanahama, wanapigana tena. Kuna kijana wa kibinadamu ana kipande cha chuma kinachomuingizia alama kichwani. Wanakwenda Misri, wanapigana. Sauti ndogo ikatoka nyuma: "Madamu, kwani wanagombania nini?" Kuna mtambo ndani ya piramidi, nikasema, wa kulivuna jua. Kimya kidogo. "Halafu?" Halafu wakapigana. Darasa zima likacheka, madawati yakaanza.

Nikabadilisha. Nikawasimulia Eega, ile ya Kihindi ya mwaka 2012 ya S. S. Rajamouli, wengi wetu tunaijua kwa jina la Makkhi, yaani nzi. Kijana maskini anaitwa Nani anampenda binti wa nyumba ya ng'ambo, Bindu. Binti kazi yake ni sanaa ya vitu vidogo vidogo sana, anachonga vitu ambavyo bila kioo cha kukuzia huvioni. Anatokea tajiri mmoja katili, anamtaka Bindu, na anapogundua moyo wa binti uko kwa Nani, anamuua Nani usiku ule ule ambao Bindu ndiyo amemkubalia. Picha hata nusu haijafika, steringi amekufa! Hapo darasani ukisikia sindano inadondoka. Halafu, nikawaambia kwa sauti ya chini, Nani akazaliwa upya. Akazaliwa akiwa nzi.

Watoto wakapiga kelele. "Nzi! Nzi atafanya nini, Madamu?"

Sasa hilo ndilo swali! Nzi atafanya nini? Hawezi kushika bunduki, hawezi hata kusema jina la mpenzi wake. Anachoweza ni kuingia sikioni. Anamnyima yule tajiri usingizi usiku kucha, siku baada ya siku, mpaka jamaa anaendesha gari akiwa nusu mfu na kupata ajali, na kwenye kioo cha gari nzi anamwandikia kwamba nitakuua. Bindu anapomtambua, ile sanaa yake ya vitu vidogo inapata kazi: anamtengenezea nzi silaha kutokana na sindano. Kila kitu kilichowekwa mwanzoni kinarudi na kulipa deni. Efekti za ile picha zilipata tuzo ya taifa kule India, na nzi mwenyewe ametengenezwa kwa kompyuta kuanzia bawa hadi jicho, hana hata uso wa kutabasamu. Mimi sikuwa na kompyuta, sikuwa hata na mshumaa. Nilikuwa na stori tu, na watoto sitini walikaa kimya mpaka umeme uliporudi, wakalalamika kwa nini umerudi.

Siku tatu baadaye nikapita bombani, namkuta binti mmoja wa Kidato cha Kwanza (siyo darasa lile!) anawahadithia wenzake habari za nzi. Ameongeza mambo yake, nzi amekuwa na watoto huko. Sikumsahihisha. Transformers sijasikia mtu akiihadithia.

Hicho ndicho kipimo. Izime picha, zima taa, uone kinachobaki mdomoni mwa mtu. Mlioko Kitivo cha Elimu mnajua andalio la somo linavyokaa: huanzi na zana za kufundishia, unaanza na malengo, zana zinafuata. Ukienda darasani na chati ya rangi saba na hujui unafundisha nini, wanafunzi watakumbuka rangi.

Prodyuza nilimpa hoja hii, akanyamaza siku mbili, kisha akarudi na silaha kali kuliko Avatar. Akaniambia, "Sawa, na Captain Alex je?"

Du. Hapo alinipata kidogo, lazima niseme. Who Killed Captain Alex? ni picha ya jirani zetu Uganda, ya mwaka 2010, imetengenezwa mtaani Wakaliga, Kampala, na Nabwana I.G.G., kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Efekti zake ni kichekesho. Helikopta inaelea kama sitika imebandikwa angani, moto wa kompyuta unaonekana kabisa ni wa kompyuta. Na stori? Captain Alex anauawa, jina la picha linakuuliza nani kamuua, na mpaka mwisho huambiwi! Kwa vipimo vyangu vyote hii picha ilitakiwa kufa siku ya kwanza. Badala yake imetazamwa na mamilioni YouTube, wazungu wanasafiri mpaka Wakaliga kuja kuuawa kwenye picha zake.

Nimelifikiria sana hili. Jibu langu ni kwamba stori ya Captain Alex ipo, ila imehamia kwenye sauti. Nakala ya mwanzo ya picha ilipotea, iliyobaki ni ile yenye VJ Emmie anayezungumza juu yake mwanzo mwisho, anashangilia, anatania, anawatangaza makomandoo kama mtangazaji wa mpira. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunamjua mtu huyu hata kama jina lake lingine. Ni ndugu wa wale madijei wetu wa kutafsiri. Nani kati yetu aliielewa picha ya Kichina kwa Kichina chake? Tuliambiwa huyu ndiye aliyemuua baba yake steringi, huyu mzee ana siri, kaeni mkao wa kula. Nina hakika nusu ya yale hayakuwemo kwenye picha kabisa! Picha ilikuja na mateke, stori tukaipewa na dijei pale pale kwa shilingi mia. Kwa hiyo Captain Alex hainipingi hata kidogo: pale ambapo stori haikuwepo, mtu alisimama akaileta kwa mdomo wake, na ndiyo maana tunaipenda.

Na kuna la zaidi, ambalo naomba wale wanne mlifikirie kwa makini. Moto wa Wakaliga unachekesha kwa sababu picha yote inacheka, na wao wanajua, na wewe unajua. Moto wa Cameron unatisha kwa sababu ya mamilioni ya dola. Moto wetu wa 150,000 utakaa wapi? Nimeona kazi za yule fundi, siyo mbaya, kijana anajitahidi. Lakini hautakuwa mzuri wa kumtisha mtu wala mbaya wa kumchekesha. Utakaa katikati, sekunde 12, watu ukumbini watasema "aah, wamejaribu," kisha watageukia simu zao. Na filamu yetu siyo ya kuchekesha.

Kwenye kikao kilichopita niliuliza swali moja, ambalo mlidhani nachelewesha mambo kwa makusudi. Niliuliza: daladala likilipuka, nani yumo ndani?

Mmoja akasema abiria. Mwingine akasema konda. Prodyuza akasema, "Hilo tutaliona kwenye kuhariri." Hatukupata jina hata moja. Tumeshapanga bei ya moto na hatujui nani anaungua.

Pendekezo langu na mwenzangu ni hili, na nimeshaliandika, limefika kurasa nne sasa. Tusilionyeshe daladala likilipuka kabisa. Tuwe na mama anauza mihogo ya kukaanga kituoni. Kila asubuhi mwanae, anayesoma chuo, anapanda daladala la saa kumi na mbili na robo, na mama anamfungia mihogo kwenye gazeti. Dakika kumi za mwanzo ni hao wawili tu: ugomvi wao wa ada, bumu kuchelewa, kijana anavyoona aibu mihogo ikinukia ndani ya gari, mama anavyojua kwamba anaona aibu na bado anamfungia. Asubuhi ile wamegombana, kijana anaondoka bila mihogo. Halafu kamera inabaki na mama. Tunasikia kishindo kutoka mbali, upande wa barabara kuu. Mafuta kwenye karai yanatetemeka. Mama anaangalia yale mafuta. Basi, hatuonyeshi moto. Dakika zote zilizobaki ni mama anauliza kila konda anayepita, lile la saa kumi na mbili na robo lilikuwa namba gani?

(Ndiyo, mafuta nimeyatoa kwenye glasi ya Spielberg. Ataniona wapi?)

Zile 150,000 ziende hivi: mwigizaji mmoja mzuri wa kucheza mama, yule dada wa Sanaa za Maonyesho aliyetuliza ukumbi mwaka jana, apewe nauli na posho ya heshima. Kipaza sauti cha kukodi kwa siku mbili, kwa sababu picha zetu zote huwa zinasikika kama zimerekodiwa ndani ya ndoo. Chakula cha watu wote. Mihogo na mafuta. Ikibaki, tumrudishie yule mwenzetu wa mlo mmoja elfu kumi yake, hali yake mnaijua.

Kikao ni Jumamosi saa kumi jioni, kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba. Nimetoa nakala sita za kurasa zile nne. Someni kabla ya kuja tafadhali, msije mkasomea pale. Prodyuza ameshasoma, kanitumia ujumbe jana usiku wa manane: "Dada nimesoma. Mama kaniumiza. Ila moshi kidogo kwa mbali si tunaweka?"

Moshi tunaweka, kaka. Majani makavu ya kuchoma yamejaa nyuma ya jengo la hosteli, ni bure.